Siku Kumi na Mwaka Mmoja Zaidi: Mwongozo wa Kuwasaidia Watoto Kujiwekea Malengo ya Ukuaji na Kuyapitia katika Imani ya Kikristo

Lengo la ukuaji, kwa maana inayotumika katika mwongozo huu, ni badiliko moja ambalo mtoto mwenyewe amelichagua, ambalo liko ndani ya uwezo wake, na ambalo, baada ya muda uliotajwa mapema, yeye na mlezi wake wanaweza kuketi pamoja na kuona kama limetokea, limetokea nusu, au halikutokea kabisa. Mlezi naye ni mtu mzima yeyote anayekaa karibu na mtoto kiasi cha kumwona akiishi siku zake za kawaida: mzazi, bibi au babu anayelea mjukuu, mwalimu wa Shule ya Jumapili, katekista, au mhudumu wa kituo cha watoto kinachoendeshwa na kanisa. Maana zote mbili zimebanwa kwa makusudi, kwa sababu kazi hii huharibiwa na upana wa maneno mara nyingi zaidi kuliko inavyoharibiwa na uvivu wa watoto.

Katika makanisa mengi lengo huchanganywa na mambo matatu ambayo si lengo, nayo ni ndoto, nadhiri na tamko la imani. Ndoto ni picha ya maisha ya mbali. Mtoto anaposimamishwa mbele ya waumini siku ya watoto na kuulizwa atakuwa nani, majibu huwa yaleyale, daktari, mwalimu, mwanajeshi, rubani, na watu hupiga makofi. Hakuna ubaya katika makofi hayo, ila mtoto wa darasa la tatu aliyejibu rubani hana jambo lolote la kufanya Jumatatu asubuhi linalotokana na jibu lake. Nadhiri ni ahadi ambayo mtu humwekea Mungu, na Mhubiri katika sura ya 5 anaonya kuwa ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka na kutoiondoa. Kwa hiyo lengo la mtoto lisiandikwe kwa maneno ya kiapo wala lisipelekwe madhabahuni kana kwamba ni agano, maana siku litakaposhindikana mtoto hataona kwamba alikosea kukadiria muda, bali ataona kwamba amemdanganya Mungu, na mzigo huo ni mzito mno kwa umri wake. Tamko la imani, yaani kutangaza kwa kinywa jambo lisilokuwapo kana kwamba limekwisha kuwa, lina watetezi na wapinzani wake miongoni mwa Wakristo, na mjadala huo hauna haja ya kumalizwa hapa. Inatosha kusema kwamba tamko halipitiwi, kwa kuwa aliyekwisha kutangaza kwamba jambo limekuwa amejifungia mlango wa kuuliza kama limekuwa.

Kupitia lengo, kwa upande wake, ni kulitazama tena kwa ukweli baada ya muda wake kwisha. Mwongozo huu unaegemea hapo kuliko penginepo, kwani kuandika lengo ni kazi ya nusu saa na karibu kila mtu huiweza, lakini kurudi kwenye daftari baada ya siku kadhaa, mtoto akiwa na aibu na mlezi akiwa amechoka, ndiko kunakotenganisha ulezi na maonyesho.

Kalenda ya shamba na kalenda ya daftari

Kata ya Kasekese, ambayo mwongozo huu unaichukua kama mfano, imo katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Mpanda. Kama ilivyo sehemu kubwa ya magharibi ya Tanzania, mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, unaoanza mnamo Novemba na kuisha mnamo Aprili, na ndani ya miezi hiyo hupandwa, hupaliliwa na kutunzwa karibu kila kitu kitakacholisha familia mwaka mzima, mahindi, mpunga, karanga na maharage, pamoja na tumbaku na pamba kwa wanaotafuta fedha. Mlezi anayetaka kuwasaidia watoto wa mahali kama hapa hana budi kuanza na jambo hili kabla hajafungua Biblia wala daftari, kwa sababu malengo yote huishi ndani ya saa za siku, na saa za siku za mtoto wa mkulima hugawanywa na jembe.

Desturi ya kuweka malengo mwezi Januari imekuja pamoja na kalenda ya ukutani na salamu za mwaka mpya, nayo huikuta palizi ikiwa imepamba moto, shule zikiwa zimefunguliwa, na katika nyumba za wakulima wa tumbaku majani yakiwa karibu kuanza kuchumwa na kupelekwa kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto. Lengo la kusoma saa mbili kila jioni lililoandikwa mwezi huo halishindwi na shetani, kama inavyosemwa wakati mwingine. Linashindwa na magugu. Inafaa basi malengo ya msimu wa mvua yawe mafupi na madogo, ya siku kumi au wiki mbili, na yale yanayodai muda mrefu yasubiri miezi ya kiangazi baada ya mavuno, isipokuwa kwa watoto wa darasa la saba, ambao mtihani wao wa taifa hufanyika mwezi Septemba na ambao wakisubiri kiangazi watakuwa wamechelewa. Kanisa nalo lina kalenda yake, na sikukuu ya mavuno, ambapo waumini huleta sehemu ya mazao kama shukrani, ni siku nzuri kuliko zote ya mapitio makubwa ya mwaka, kwa kuwa siku hiyo watu wazima nao wanahesabu kilichoota na kisichoota, na mtoto haoni ajabu kuulizwa swali hilohilo kuhusu daftari lake.

Kimo, hekima, Mungu na watu

Msingi wa kibiblia unaotajwa zaidi katika kazi hii ni mstari wa 52 wa sura ya 2 ya Injili ya Luka, unaoeleza kwamba Yesu aliendelea kukua kwa akili na kwa mwili, na kwamba Mungu na watu walipendezwa naye. Kutokana na mstari huo walezi wengi wamejifunza kuugawa ukuaji katika nyanja nne, na shirika la Compassion International, linaloshirikiana na makanisa ya Tanzania katika vituo vya huduma ya mtoto na kijana, huzitaja nyanja hizo kuwa za kiroho, kiakili, kimwili, na kijamii pamoja na kihisia. Mgawanyo huo una faida moja kubwa, nayo ni kumzuia mlezi asidhani kwamba lengo la Kikristo ni lazima liwe la kukariri mistari. Mtoto anayejiwekea lengo la kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kila mlo amo ndani ya mstari huo kama aliyejiwekea lengo la kusali asubuhi. Hasara yake ni kwamba fomu yenye visanduku vinne humtaka mtoto ajaze vyote vinne, na mtoto mwenye malengo manne hana hata moja. Lengo moja kwa wakati mmoja linatosha, na nyanja zinaweza kupokezana kadiri mwaka unavyokwenda.

Mstari unaotangulia huo hutajwa mara chache, ingawa ndio unaomfaa mtoto zaidi, kwa kuwa unasimulia kwamba Yesu, akiwa na umri wa miaka 12, alishuka na wazazi wake hadi Nazareti na kuwatii. Baada ya mistari hiyo miwili Luka hasemi neno lingine juu yake hadi anapofikia umri wa miaka kama 30. Miaka 18 hivi ya ukuaji imepita katika mji mdogo bila tukio lolote lililoandikwa, na mlezi anaweza kuutumia ukimya huo kumweleza mtoto kwamba kukua kwingi hufanyika mahali pasipo na mtu wa kupiga makofi.

Jaribio la siku kumi

Mfano ulio kamili kuliko yote wa lengo katika Biblia ni wa vijana wanne katika sura ya 1 ya kitabu cha Danieli, na ni ajabu kwamba hufundishwa kwa kawaida kama somo la ujasiri tu, wakati mpangilio wake ni wa kiutendaji kabisa. Danieli kwanza anaazimu moyoni mwake, yaani jambo linaanzia kwake na si kwa mkubwa wa matowashi. Pili, anaomba ruhusa kwa mwenye mamlaka juu yake, na anapoona kwamba mkubwa huyo anamwogopa mfalme, hagombani naye, bali anakwenda kwa msimamizi wa karibu. Tatu, anataja kitu kinachoonekana, mboga na maji badala ya chakula cha mfalme. Nne, anataja muda, siku kumi. Tano, na hapa ndipo walimu wengi hupita haraka, anamwalika msimamizi awatazame nyuso zao baada ya siku hizo na kuamua kulingana na atakachokiona, bila kumwambia mapema ataona nini. Imani ya Danieli haikuondoa ukaguzi. Ilimpa utulivu wa kuukubali.

Siku kumi ni kipimo kinachofaa sana kwa mtoto wa miaka saba hadi kumi na miwili. Wiki moja huisha kabla tabia haijashika mizizi, mwezi mzima ni mrefu kiasi kwamba mtoto husahau alianza lini, lakini siku kumi zinahesabika kwa vidole vya mikono miwili. Mtoto asiyejua kusoma bado, au asiye na daftari, anaweza kupewa punje kumi za mahindi na chupa tupu ya soda au ya maji. Kila siku anapotimiza lengo anadondosha punje moja ndani ya chupa, na siku asipolitimiza punje hubaki nje, bila mtu kumgombeza. Njia hii ina uzuri wa kutokuwa na gharama na ubaya wa kuku, kwa hiyo chupa ifungwe na punje zilizobaki ziwekwe juu.

Kazi ngumu iko katika maneno ya lengo lenyewe. Achukuliwe kwa mfano msichana wa darasa la tano ambaye, alipoulizwa anataka kukua katika jambo gani, amejibu kwamba anataka kuwa na bidii. Hilo ni jibu la heshima, jibu ambalo watoto wamejifunza kuwapa wakubwa, na mlezi akiliandika jinsi lilivyo atakuwa ameandika neno tupu. Inafaa amuulize: "Ukiwa na bidii, mtu anayekutazama tangu asubuhi hadi jioni ataona nini?" Msichana atasema, "Ataniona ninasoma, mwalimu." Mlezi ataendelea kuuliza ni wapi na saa ngapi, na hapo ndipo siku halisi itakapojitokeza: akitoka shule anabadili sare, anakwenda kuteka maji, akirudi anabeba mdogo wake ili mama apike, na chakula kikiisha giza limekwisha kuingia na taa haiwashwi ovyo. Nafasi iliyopo ni kati ya kubadili sare na kushika ndoo. Ni ndogo, lakini ni ya kwake. Vitabu vya kiada hubaki shuleni katika shule nyingi, kwa hiyo kitabu kitakachosomwa ni kile kilichopo nyumbani, na ikiwa ni Agano Jipya la bibi, basi Injili ya Marko, iliyo fupi kuliko Injili nyingine, inafaa. Baada ya mazungumzo ya robo saa lengo linaweza kuandikwa hivi: kwa siku kumi, kabla ya kwenda kuteka maji, atasoma kwa sauti mistari kumi ya Injili ya Marko mbele ya bibi. Lengo hilo ni la kiakili, kwa kuwa linanoa usomaji. Ni la kiroho. Na kwa bahati njema ni la kijamii pia, maana bibi asiyesoma vizuri ameingizwa ndani yake kama msikilizaji na shahidi.

Mama naye aombwe ruhusa, kama Danieli alivyoomba. Mtoto hana mamlaka juu ya ratiba ya nyumba, na mlezi wa kanisani anayempa mtoto lengo linalogongana na kazi za nyumbani bila kuzungumza na mwenye nyumba amempa mtoto ugomvi. Pale kituo au kanisa linapokuwa na watoto wengi, ziara moja fupi nyumbani kabla ya lengo kuanza huokoa mapitio mengi yenye machozi.

Siku ya kupitia

Siku ya kumi na moja, au Jumapili inayofuata, mlezi na mtoto waketi mahali panapoonekana na watu lakini pasiposikika na watu, chini ya mti uwanjani kwa mfano, kwa kuwa faragha ya mtoto na usalama wake vinalindwa pamoja hivyo. Mtoto akiisha kutoa shikamoo na kuulizwa habari za nyumbani, mazungumzo yaanze na shukrani, tena shukrani ya kitu mahususi, kisha chupa ifunguliwe na mtoto mwenyewe ahesabu punje kwa sauti. Tuseme amehesabu sita. Watu wazima wengi hapo husema moja kati ya sentensi mbili, ama kwamba umejitahidi sana, ama kwamba umebakiza nne, na zote mbili humaliza mazungumzo kabla hayajaanza. Swali la manufaa ni hili: siku zile nne zilikuwa siku gani? Mtoto akikumbuka moja baada ya nyingine, huenda ikaonekana kwamba siku mbili zilikuwa za gulio na bibi hakuwapo, siku moja mdogo wake alikuwa na homa, na siku moja hakutaka tu.

Siku hizo nne si za aina moja, na kuzitenganisha ndio moyo wa mapitio ya Kikristo. Zile za gulio ni kosa la mpango, na mpango hurekebishwa kwa kuchagua msikilizaji mwingine. Ile ya homa si kosa la mtu. Mtoto aliyeacha kusoma ili akae na mgonjwa amefanya jambo bora kuliko lengo lake, na aambiwe hivyo waziwazi. Inabaki siku moja ambayo hakutaka, na hata hiyo isigeuzwe haraka kuwa dhambi. Kutotimiza lengo kwenyewe si dhambi, kwa kuwa lengo ni chombo ambacho mtoto amejitengenezea, wala si amri aliyopewa na Mungu. Dhambi ingeingia endapo angedondosha punje ambayo hakuifanyia kazi ili aonekane amefaulu, na ndiyo maana mlezi anayetoa zawadi kwa chupa iliyojaa anawafundisha watoto kudanganya kwa punje. Mtoto anaposema ukweli kwamba siku moja hakutaka, ukweli huo una thamani kuliko punje ya saba, na anayeusikia apaswa kuupokea kwa uso uleule aliopokea nao habari ya homa.

Luka sura ya 13 ina mfano wa mtini uliokaa miaka mitatu bila kuzaa, mwenye shamba akataka ukatwe, na mtunza shamba akaomba uachwe mwaka mmoja zaidi, ili aupalilie na kuutia samadi. Wahubiri huutumia mfano huo kumtisha mtini. Lakini katika ombi la mtunza shamba hakuna kazi yoyote inayotakiwa kufanywa na mti. Kazi yote, ya kuchimba na ya samadi, ni yake mwenyewe. Kwa hiyo mapitio yasiyomhusu mtu mzima hayajakamilika, na baada ya mtoto kueleza siku zake, mlezi anatakiwa aeleze zake: aliahidi kupita nyumbani siku ya tano na hakupita, au aliahidi kumwazima kitabu na akasahau. Mtoto akisikia mtu mzima akisema "Hapo nilikosea, mwanangu" bila visingizio, atakuwa amepata somo la toba ambalo hakuna hotuba inayoweza kulitoa kwa ufupi kama huo. Baada ya hapo maamuzi ni matatu tu, kuendelea na lengo lilelile kwa siku kumi nyingine, kulibadili, au kuliacha kwa sababu halikumfaa, na yote matatu ni halali. Kuacha lengo lisilofaa ni sehemu ya hekima, ingawa mlezi aangalie lisiwe lengo la tatu mfululizo kuachwa.

Sala ya kufunga iwe fupi na isiwe hukumu iliyovikwa nguo za sala. Ombi kwamba Mungu amsaidie mtoto fulani aache uvivu, likisomwa kwa sauti mbele yake, ni kemeo, na mtoto analijua hilo kabla ya amina.

Mambo ambayo lengo halipaswi kufunika

Lengo zuri linaweza kutumika kuficha jambo baya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inampa haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na inaruhusu kazi nyepesi tu, kuanzia umri wa miaka 14. Mtoto anayelea kuku wake mmoja na kuandika idadi ya mayai anajifunza uwakili, yaani kutunza kwa uaminifu kilicho cha Mungu. Mtoto anayeamka usiku kuchochea moto wa bani na kuambiwa kuwa hilo ndilo lengo lake la kuwa mchapakazi ameibiwa usingizi kwa kutumia jina la lengo.

Kwa wasichana wa Katavi jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Mafundisho yanayomtaka msichana peke yake ajiwekee lengo la kujitunza, huku njia ya kutoka shule ikiwa ndefu na wavulana na wanaume wa usharika huohuo hawajaulizwa lengo lao ni lipi, yameweka mzigo kwenye bega lisilostahili. Lengo la msichana linaweza kuwa kutembea na wenzake wawili kila siku. La watu wazima liwe kuhakikisha kwamba wenzake hao wapo. Na ikiwa tayari amejifungua, ajue kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi katika shule rasmi, hivyo daftari lake halikufungwa.

Neno la Luka kuhusu kuwapendeza watu lisieleweke kwamba mtoto anapaswa kumpendeza kila mkubwa. Katika mapitio ya kweli watoto husema mambo ambayo hawakupanga kuyasema, na siku moja punje iliyobaki nje ya chupa inaweza kuwa na maelezo ya kuogofya kuhusu mtu wa nyumbani au wa kanisani. Mlezi asiahidi siri hapo, wala asipeleke jambo kwenye kikao cha wazee ili liishe kimyakimya. Linapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, na simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo.

Ndoto iachiwe nafasi

Hakuna lolote kati ya haya linalomkataza mtoto kuota. Katika wilaya hiihii ya Tanganyika, kwenye ufuko wa ziwa lenye jina hilohilo, iko misheni ya Karema, iliyoanzishwa na wamisionari Wakatoliki mwaka 1885, na huko alifanya kazi Adrien Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu mnamo mwaka 1866, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akasomea utabibu Malta, kisha akafika Karema mwaka 1889, akawa katekista na tabibu wa watu wa ziwani hadi alipofariki mwaka 1956. Mtoto huyo asingeweza kuliandika jina la Karema katika daftari lolote la malengo, kwa kuwa hakujua kama mahali hapo pako, na maisha yake yasipambwe kana kwamba utekaji ulikuwa hatua ya mpango mzuri. Kinachomfaa mtoto wa Kasekese katika habari zake ni umbo la miaka 67 ya kazi moja, ambayo ilifanyika kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Waraka wa Yakobo, sura ya 4, unawashauri wanaopanga safari na biashara waongeze neno la kukiri kwamba wataishi na kufanya hili au lile Bwana akipenda. Mtoto akiandika ndoto yake ukurasa wa mwisho wa daftari, mbali na malengo ya siku kumi, na kuongeza maneno ya namna hiyo kwa lugha yake mwenyewe, ndoto itakaa mahali pake bila kuligandamiza lengo la Jumatatu.

Lugha yake mwenyewe, ikumbukwe, huenda isiwe Kiswahili. Idadi ya watu wa Katavi iliongezeka kutoka 564,604 katika sensa ya mwaka 2012 hadi 1,152,958 katika ile ya 2022, zaidi ya maradufu ndani ya miaka kumi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni familia zilizohamia kutafuta ardhi na malisho. Darasa moja la Shule ya Jumapili linaweza kuwa na mtoto Mbende, Mfipa, Msukuma na Muha, na mtoto mgeni huhesabu makosa yake kwa lugha ya nyumbani hata anapojibu kwa Kiswahili, hivyo asiharakishwe.

Uhamaji huohuo unaamua mahali pa kuliweka daftari. Vituo vingi hupenda kuyafungia madaftari kabatini, yakiwa safi na tayari kwa mkaguzi, lakini daftari la malengo ni la mtoto, na familia inapofungasha mizigo kufuata shamba jipya upande mwingine wa mkoa, kabati halihami. Inafaa daftari likae nyumbani, likunjwe na kuchafuka ikibidi, na mlezi anayepata habari kwamba mtoto anahama aombe ruhusa yake ya kuandika mistari michache kwenye ukurasa ulio wazi, kwa ajili ya mlezi atakayempokea huko aendako: jina la mtoto, kitabu alichofikia, nani huwa msikilizaji wake, na kwamba katika siku zake kumi amebakiza nne.